Laptopu Haijazeeka, Mtandao Umenona

Jumamosi moja mdogo wangu alinipigia simu akiwa karibu kulia. Alikuwa mbele ya laptopu ya baba anajaza ombi la skolashipu, na makataa yalikuwa Jumapili saa sita usiku. Insha alikuwa ameshaandika. Vyeti alikuwa ameshaskani kwa saiba. Lakini kila akifungua ile fomu, ukurasa unatokea nusu, feni inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga unga, halafu kila kitu kinaganda.

"Bro, hii kitu imejam tena," akaniambia. "Na nimeizima na kuiwasha mara tano."

Alikuwa amejaribu kwa simu pia. Fomu ilifunguka, lakini kila akifika mahali pa kupakia vyeti, inarudi mwanzo.

Laptopu yenyewe tunaijua wote nyumbani. Baba aliinunua Luthuli Avenue mwaka 2012, ex-UK, yaani ilikuwa imeshamfanyia mtu kazi huko Uingereza kabla ya kuletwa huku na kufutwa vumbi. Prosesa ni Core 2 Duo, RAM ni gigabaiti 2, diski ni ile ya kuzunguka, na ndani mna Windows 7. Siku hizo ilikuwa moto. Facebook ilifunguka, YouTube ikacheza, baba akasoma magazeti yake asubuhi, na hakuna aliyelalamika.

Ushauri wa kwanza ambao kila mtu hutoa ni ule ule: hiyo ni mzee, nunua ingine. Lakini hebu fikiria. Prosesa ya ile laptopu bado inapiga mizunguko kama bilioni 2 kwa sekunde, sawasawa na 2012. Haijachoka kama goti la binadamu. Diski imezubaa kidogo, feni ina vumbi, basi. Kama mashine ni ile ile, ni nini kilichobadilika? Jibu liko upande wa pili wa waya, na ili kulielewa inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya 30.

Mwishoni mwa 1990, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, aliandika kivinjari cha kwanza duniani. Alikiita WorldWideWeb. Kilikuwa kizuri, na mtu aliweza kusoma na pia kuhariri kurasa humo humo. Tatizo ni kwamba kilifanya kazi kwenye kompyuta ya NeXT tu, mashine ghali ambayo watu wachache sana walikuwa nayo. Wanasayansi wengi walikuwa na vioo vya kawaida vya maandishi, vingine vya zamani.

Hapo ndipo anaingia mtu ambaye historia humtaja kwa haraka: Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza aliyekuwa CERN kwa mafunzo. Yeye ndiye aliyeandika kivinjari cha pili, kile kilichoonyesha maandishi mstari kwa mstari na ambacho kingeweza kuendeshwa karibu kwenye kompyuta yoyote. Viungo vilikuwa na namba, unachapa namba, unaingia. Fikiria hilo kidogo. Mtandao ulipokuwa bado mtoto mchanga, kazi ya haraka iliyoonekana ilikuwa kuhakikisha kwamba mwenye mashine duni hafungiwi nje. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikaitoa programu hiyo kwa umma, bure, bila ada.

Mwaka huo huo wa 1993, vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakiongozwa na Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa Mosaic. Mosaic ilionyesha picha ndani ya maandishi, kwenye ukurasa ule ule. Leo hatuoni cha ajabu, lakini wakati ule hiyo ndiyo ilifanya watu wa kawaida waanze kutaka mtandao nyumbani. Pia ndiyo siku ukurasa ulianza kuongeza uzito.

Andreessen akaondoka, akashiriki kuanzisha Netscape, na kivinjari chao, Navigator, kikatoka Desemba 1994. Mei 1995 mhandisi wao Brendan Eich alipewa kazi ya kuunda lugha ndogo ya kuandikia maagizo ndani ya ukurasa. Aliandika toleo la kwanza kwa siku 10. Lugha hiyo tunaiita JavaScript. Kabla yake, ukurasa ulikuwa kama gazeti: linafika, unasoma, halisemi kitu. Baada yake, ukurasa ukawa programu. Unafika kwako ukiwa na maagizo, na anayeyatekeleza ni prosesa yako, kwa umeme wako na RAM yako.

Mwaka huo huo wa 1995, Niklaus Wirth, Mswisi aliyeunda lugha ya Pascal, alichapisha makala ya kulalamikia programu zinazonenepa ovyo. Hoja yake, ambayo alisema ameipata kwa mwenzake Martin Reiser, ni kwamba programu zinapunguza kasi upesi kuliko mashine zinavyoongeza kasi. Yaani unanunua kompyuta mara mbili yenye nguvu, na bado unasubiri vile vile. Makala ile ingeweza kuandikwa jana.

Kilichofuata ni vita. Microsoft ilitoa Internet Explorer Agosti 1995, ikaipachika kwenye Windows, na baada ya miaka michache Netscape ilikuwa hoi. Mwaka 1998 Netscape iliufungua msimbo wake kwa umma, na kutokana na mbegu hiyo ukazaliwa mradi wa Mozilla. Microsoft ikatoa Internet Explorer 6 mwaka 2001, ikashika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji, ikalala. Toleo la 7 lilikuja 2006, miaka mitano baadaye.

Ukikumbuka saiba za Nairobi za miaka hiyo, unakumbuka ile herufi e ya bluu. Intaneti ya Kenya ilikuwa inapitia setilaiti, ya polepole na ghali, na mwenye saiba alikuwa anahesabu dakika. Unafungua barua pepe, unangoja, unatazama saa. Wengi tulidhani kompyuta ndiyo imelala, kumbe mashine ilikuwa inangoja waya. Shikilia hapo, kwa sababu baadaye mambo yatageuka.

Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Ilikuwa nyepesi kuliko babake Mozilla, ilizuia madirisha ya matangazo yanayojirusha usoni, na ilizoesha watu vichupo, yaani kurasa nyingi ndani ya dirisha moja. Vichupo vilibadilisha tabia zetu. Zamani ulifunga ukurasa ili ufungue mwingine. Sasa hakuna anayefunga. Mdogo wangu alikuwa na vichupo 23 wazi siku ile, viwili kati yake ni mapishi ya chapati.

Miaka hiyo hiyo Google ilitoa Gmail, Aprili 2004, na Google Maps, Februari 2005. Zote zilitumia JavaScript kwa namna ambayo wengi hawakuwa wameiona: ramani unaivuta na kipanya, barua zinaingia bila kuufungua ukurasa upya. Kuanzia hapo kila kampuni ilitaka tovuti yake iwe kama programu kamili. Vivinjari vya wakati ule havikuwa vimejengwa kwa kazi hiyo. Ukurasa mmoja ukigoma, dirisha lote linaanguka na kila ulichoandika kinapotea.

Google ikajibu kwa kutengeneza kivinjari chake. Chrome ilitangazwa Septemba 2008, na maelezo yake yalitolewa kama kitabu cha katuni kilichochorwa na Scott McCloud. Mambo mawili ndani ya katuni ile yanaeleza kwa nini laptopu ya baba inateseka leo. La kwanza ni V8, injini ya JavaScript iliyoundwa na kikosi cha Lars Bak huko Aarhus, Denmark. Ilikuwa inatafsiri maagizo ya ukurasa kuwa lugha ya prosesa yenyewe papo hapo, na kasi ikapanda sana. La pili ni kwamba vichupo viligawanywa katika michakato tofauti. Kichupo kimoja kikianguka, vingine vinaendelea. Ni kama kuhamisha wapangaji kutoka chumba kimoja kikubwa hadi kila mmoja na chumba chake: kelele imepungua, moto wa mmoja hauunguzi wote, lakini sasa kila chumba kinahitaji ukuta, mlango na balbu yake. Hiyo balbu ndiyo RAM.

Nasi huku tulikuwa na mapinduzi yetu. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Kasi ikapanda, bei ikaanza kushuka. Hapo ndipo mambo yaligeuka: foleni ikahama kutoka kwenye waya hadi ndani ya mashine. Data sasa inafika haraka kuliko kompyuta kuukuu inavyoweza kuitafuna. Watu bado hulaumu bando, wakati bando limeshafanya kazi yake na prosesa ndiyo iko kwa mpigo.

Kulikuwa na njia nyingine, na Wakenya tuliijua vizuri. Opera Mini, kutoka kampuni ya Norway, ilianza kutumika kote duniani Januari 2006. Ilifanya kazi kinyume: ukurasa ulifunguliwa kwanza kwenye seva zao, ukabanwa, kisha simu yako ikapokea kitu kidogo kilichoiva. Kazi nzito ilifanywa na mashine kubwa mbali. Ndiyo maana kimulika mwitu yenye kioo kidogo zaidi, mradi ina Java, iliweza kusoma habari na kuingia Facebook. Njia hiyo haikushinda kwenye kompyuta, kwa sababu tovuti zilizidi kutaka kuwa programu, na programu hailetwi ikiwa imeiva. Inapikwa mezani pako.

Basi kurasa zikanona. Mwaka 2010 ukurasa wa kawaida ulikuwa chini ya nusu megabaiti. Siku hizi umevuka megabaiti 2. Mwaka 2016 mhandisi Ronan Cremin alionyesha kwamba wastani wa ukurasa ulikuwa umefikia ukubwa wa faili ya kusakinisha Doom, ule mchezo wa 1993 wenye majini, bunduki na ngazi zake. Sehemu kubwa ya uzito ni picha. Lakini picha ikishachorwa imetulia. Kinachoumiza mashine ya zamani ni JavaScript, kwa sababu lazima isomwe, itafsiriwe, itekelezwe, na mara nyingi inaendelea kukimbia hata ukiwa umeenda kunywa chai. Nyingi kati yake si ya kazi uliyojia. Ni ya matangazo, ya kuhesabu wageni, ya kufuatilia umebonyeza wapi. Na anayeiandika kwa kawaida anaijaribu kwenye laptopu mpya yenye RAM ya kumwaga, kwa hiyo kwake inateleza tu.

Ni lazima pia tuwe wa haki. Si unene wote ni uroho. Januari 2018 ulimwengu uliambiwa kuhusu Spectre, kasoro ndani ya prosesa zenyewe ambayo ingeruhusu ukurasa mwovu kuchungulia data ya ukurasa mwingine kwenye kumbukumbu. Chrome ilijibu mwaka huo kwa kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake, na Google wenyewe wakakiri kwamba hatua hiyo iliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Kwa mwenye gigabaiti 16, hiyo ni chenji. Kwa mwenye gigabaiti 2, hiyo ni kodi ya nyumba. Usalama wetu sote ulilipiwa kwa RAM, na waliolipa kwa uchungu ni wale wenye RAM kidogo.

Sasa turudi kwa ile Jumamosi. Nilimwambia mdogo wangu aje tao na laptopu, tukakaa kwenye benchi la fundi mmoja tunayemjua, na tukaanza kuuliza mashine maswali.

Swali la kwanza: nani anakula nini? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, dirisha linatokea na orodha ya programu. RAM ilikuwa imejaa asilimia 95, na taa ya diski haizimi. Hiyo ina maana moja. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Ile hali ya kuganda si kufikiri, ni kubeba maji kwa kijiko. Ndani ya Chrome kuna orodha nyingine, Shift na Esc, iliyokuwepo tangu siku za katuni, inayoonyesha kila kichupo na kila kiendelezi. Kwenye Firefox unaandika about:processes mahali pa anwani. Tulikuta viendelezi vitatu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviweka. Tukaving'oa. Vichupo tukabakisha kimoja. Kwaheri chapati.

Ukurasa ukafunguka wote. Furaha ikadumu dakika mbili, kwa sababu kitufe cha kupakia vyeti kilikataa kabisa. Bonyeza, kimya. Chini kukatokea maandishi madogo: tafadhali sasisha kivinjari chako. Tukaenda kusasisha, tukaambiwa Windows yetu ni ya zamani.

Hii nayo ina tarehe zake. Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliendelea hadi toleo la 109, la Januari 2023, ikasimama. Firefox ikabaki na toleo la 115. Tovuti zikasonga mbele, zikaanza kutumia maneno mapya ambayo kivinjari cha zamani hakiyajui. Kwa hiyo siz hakuwa anapigana na uchovu wa mashine. Alikuwa anaongea lugha ya juzi na mtu wa leo.

Kuna wanaosema acha hivyo hivyo, mradi inafunguka. Kwa kusoma habari, labda. Lakini kivinjari kisichopata marekebisho kina mashimo yanayojulikana, na mtu hapaswi kukitumia kuingia benki wala kuandika namba ya kitambulisho. Fomu ya skolashipu inataka vyote hivyo.

Fundi, mzee wa maneno machache, akatuangalia. "Madam, hii haijakufa," akamwambia siz. "Tuibadilishie roho."

Alifanya mambo manne. Alipuliza vumbi kwenye feni, kwa sababu prosesa ikichemka hujipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Aliongeza kipande cha RAM kilichotumika, tukafika gigabaiti 4. Alitoa diski ya kuzunguka akaweka SSD ndogo, ambayo haina kitu kinachozunguka na husoma data haraka kuliko ile ya zamani kwa mbali sana. Kisha akachomeka flashi yenye Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, akatuonyesha kwanza ikifanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu, ndipo akaisakinisha. Diski ya zamani yenye picha za baba tukaiweka kwenye bahasha, salama. Jumla ya gharama haikufika robo ya bei ya laptopu mpya.

Linux hiyo ilikuja na Firefox ya kisasa. Tukaongeza kizuia matangazo, uBlock Origin, na hapo ndipo niliona ile historia yote kwa macho: kurasa zilizokuwa zinachukua dakika zikafunguka kwa sekunde chache, kwa sababu kazi ambayo hatukuiomba haikufanyika. Kitu kimoja tu hakikupona. YouTube ya ubora wa juu bado inakwama, maana video za siku hizi zimefungwa kwa mitindo mipya, VP9 na AV1, na chipu ya zamani haina sehemu maalumu ya kuzifungua. Prosesa inalazimika kuzifungua kwa mikono. Ukishusha hadi 480, inacheza.

Siz alituma ombi Jumapili saa tatu usiku, saa tatu kamili kabla ya mlango kufungwa. Majibu bado. Lakini nimebaki nikiwafikiria wale ambao hawakuwa na kaka wa kupigia simu, wala fundi wa kuwaambia haijakufa. Kuna mtu alifunga laptopu usiku ule akidhani yeye ndiye ameshindwa, kumbe alishindwa na uzito wa ukurasa ambao mtu fulani ofisini hakuupima.

Na foleni inaendelea. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho wa msaada wa kawaida wa Windows 10. Ofisi nyingi ughaibuni zinabadilisha mashine, na tunajua zile za zamani huishia wapi. Zitafika Luthuli zikiwa zimefutwa vumbi, zenye nguvu mara kadhaa kuliko ile ya baba, na mtu atakwambia ni za kutupa. Kabla hujakubali, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwanza, uone nani anakula nini.

Baba naye alirudishiwa laptopu yake Jumatatu. Aliifungua, akaenda moja kwa moja kwenye gazeti lake, akasoma hadi mwisho. Kisha akauliza ile herufi e ya bluu imeenda wapi.